Kituo cha Ujiji kiombwe sasa

(Hotuba kwa mkutano wa wananchi, Ujiji, Kigoma)

Mheshimiwa diwani, wenyeviti wa mitaa, mashehe na wachungaji mliofika, wazee wangu mliokaa kule kivulini chini ya mwembe, mama zangu, na nyie vijana wa bodaboda mliozima pikipiki ili nisikike: asalaam aleikum, na wengine pokeeni salamu kila mtu kwa imani yake.

Mwenyekiti amenionya kwamba sisi wastaafu wa reli tukishapewa kipaza sauti hatukirudishi. Nitajitahidi. Nimekuja na jambo moja: reli ya kisasa inayojengwa kutoka Tabora kuja huku ipate kituo cha abiria kwa ajili ya Ujiji, kabla treni haijafika mwisho wa safari kule Kigoma. Basi. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na kazi wamepewa kampuni mbili za Kichina zilizoungana. Urefu uliotangazwa ni kilomita 506. Wengi wakiisikia namba hiyo wanadhani ndiyo safari. Safari ni kilomita 411. Zile 95 zilizobaki ni njia za pembeni, yaani njia za kupishania, ambako treni moja inaingizwa kando ili nyingine ipite, maana njia kuu ni moja. Ishikeni hiyo 95, nitairudia.

Kwanza tuulizane kwa nini Ujiji haikupata stesheni tangu zamani, kwa sababu kila ninapoligusa jambo hili vijiweni napata jibu lile lile: Wajerumani walitubagua. Hapana. Mjerumani hakutubagua, hata hakutufikiria. Alifikiria maji. Reli ile ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, ikaingia Kigoma 1914, vita vikiwa mlangoni. Wakati huo mji ulikuwa huku. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inaishia huku, pembe za ndovu na watumwa walipita huku. Burton na Speke walipolifikia ziwa mwaka 1858 walifikia Ujiji, na Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871 alimkuta Ujiji. Lakini ufukwe wetu uko wazi kwa upepo na maji yake ni ya kina kifupi. Mvuvi analijua hilo bila kusomeshwa. Kigoma ina ghuba, imekumbatiwa na vilima, na meli inasogea mpaka karibu na nchi kavu. Kwa hiyo reli ikapelekwa kwenye meli. Na ushahidi mnao: ile meli tunayoiita Liemba, zamani ikiitwa Graf von Götzen, ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaja juu ya reli hiyo hiyo na kuungwa upya Kigoma. Mtu anayesafirisha meli nzima kwa treni, shabaha yake inajulikana.

Sasa hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Ile sababu ilikuwa sababu ya mzigo na ya meli. Kwa mzigo ilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Makasha ya kwenda Kongo na Burundi yaendelee kushuka bandarini, yana bandari na yana bandari kavu ya Katosho. Lakini abiria hahitaji kina cha maji. Abiria anahitaji kushuka karibu na kwao. Zaidi ya miaka mia moja abiria wa Ujiji anashushwa mahali palipochaguliwa kwa ajili ya meli, na kwa kuwa tumezaliwa tumeyakuta, hatuoni kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Naomba radhi kwa nitakalosema sasa, maana najua litawaudhi baadhi ya wazee wangu. Katika vikao viwili vitatu vilivyotangulia nimesikia tukipanga kuandika barua kwamba Ujiji ni mji wa kihistoria, kwamba kuna makumbusho ya Livingstone, kwamba watalii watakuja, kwa hiyo tupewe stesheni. Mimi nasema barua hiyo tusiiandike hivyo. Historia yetu naipenda na nimelelewa nayo, lakini haikati tiketi. Mhandisi akiisoma barua ya namna hiyo ataiweka kwenye faili la pongezi. Mtalii anayekuja kuliona jiwe la Livingstone anakuja mara moja katika maisha yake, tena wengi wanakuja na gari la hoteli. Tukitaka kusikilizwa, tuwataje watu wanaosafiri kila wiki.

Na watu hao ni akina nani? Tuanze na mama wa dagaa. Wengi wenu mnamjua, baadhi yenu ndio nyinyi. Dagaa amekaushwa, amefungwa kwenye kiroba, kiroba kimeshonwa mdomo kwa kamba ya nailoni na juu yake limeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito: Tabora, au Dodoma, au Dar. Pembeni kuna madumu ya mawese. Dumu la mawese lina tabia yake. Ukilifunga kwa kifuniko peke yake litavuja likipata joto, kwa hiyo kwanza linawekwa kipande cha nailoni mdomoni, kifuniko kinakazwa juu yake, halafu mama analigeuza kichwa chini analisubiri kidogo aone kama linatoa jasho. Hayo yote yanafanyika huku, uani kwake. Halafu ndipo safari ya kwanza inaanza, ile isiyoandikwa kwenye tiketi: kutoka uani mpaka stesheni. Daladala ya kupitia Mwanga haitaki viroba, au inavitaka kwa nauli ya watu. Bajaji inakubali, lakini dereva anapanga bei kwa kuliangalia gunia, na ikiwa giza limeingia anapanga kwa kukuangalia wewe. Ukifika kule unakaa na mzigo wako. Huwezi kwenda chooni bila kumwomba mtu usiyemjua akuangalizie. Treni ikichelewa, na sote tunajua treni inachelewa, hakuna kurudi nyumbani kupumzika, kwa sababu nyumbani kuna nauli nyingine ya bajaji na viroba vyote vile. Nimeona wanawake wamelala juu ya viroba vyao pale mpaka alfajiri. Wakati nafanya kazi nilikuwa napita na taa yangu ya gadi katikati yao nikichagua pa kukanyaga.

Mwingine ni mwanafunzi. Huyu namtaja kwa kifupi kwa sababu kila nyumba hapa inamjua: tranka, ndoo, godoro limeviringishwa na kufungwa kwa kanga ya mama, anakwenda shule au chuo Tabora na mbele ya Tabora. Mzazi anamsindikiza mpaka stesheni kwa sababu hawezi kumwacha binti wa miaka kumi na tano peke yake usiku na tranka. Kisha mzazi arudi. Hesabuni wenyewe nauli za kusindikizana.

Na mgonjwa. Aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya mbali, anayesafiri akiwa ameshikiliwa na ndugu wawili. Sitamwelezea, mnamwelewa.

Utasikia mtu anasema, kutoka hapa mpaka Kigoma ni karibu tu, hata kilomita kumi hazifiki, kituo cha nini? Huyo muulize: karibu kwa nani? Kwa mwenye mkoba ni karibu. Twende Dar es Salaam tukaone. Oktoba 2012 serikali ilianzisha treni ya abiria ndani ya jiji, ile watu waliyoibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, treni ya Mwakyembe. Reli iliyotumika ilikuwa ya zamani iliyokuwepo tayari, haikuchimbwa njia mpya. Treni ilitoka stesheni ya katikati ya mji ikaenda mpaka Ubungo Maziwa, asubuhi na jioni, ikisimama Buguruni, Tabata, Mabibo. Baadaye, mwaka 2016, ikaongezwa ya kwenda Pugu. Sasa fikirini: mtu wa Tabata alikuwa ameishi kando ya reli hiyo maisha yake yote, na babake kabla yake, na treni kwake ilikuwa kelele na hatari kwa watoto. Siku iliposimama ndiyo ikawa usafiri. Kilichobadilika ni nini? Jukwaa fupi, ubao wenye jina, mtu wa kukatisha tiketi, na amri ya kusimama. Na Mabibo kwenda katikati ya Dar ni karibu vile vile, hakuna aliyesema kilomita chache hazistahili.

Siombi treni ya mjini kama ile. Tuwe wakweli, manispaa yetu kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya 230,000, Dar ni mamilioni. Treni ya kupeleka watu kazini asubuhi kutoka Ujiji kwenda Kigoma leo ingekimbia tupu, na tukiiomba tutachekwa, halafu kicheko hicho kitaliangukia na hili ombi la maana. Ninachoomba ni kwamba treni ya safari ndefu, ile ya kutoka Tabora na mbele yake, isimame mara moja kwa ajili yetu.

Mfano wa pili uko kwenye reli ya kisasa yenyewe. Juni 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na Julai mwaka huo huo zikafika Dodoma. Kati ya Dar na Morogoro kuna vituo vya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Soga ni kijiji katika Wilaya ya Kibaha. Sisemi hivyo kwa dharau, nina jamaa waliooa kule. Nasema kwa sababu watu wanadhani stesheni ya reli ya kisasa ni kitu cha miji mikubwa peke yake. Kuna treni ya haraka inayovipita vituo hivyo bila kugeuza shingo, na kuna treni ya kawaida inayosimama. Sisi tunaitaka hiyo ya kawaida isimame. Ile ya haraka ipite zake, ituachie upepo.

Na sasa nirudi kwenye kilomita 95. Vijana mliosoma nisikilizeni hapa, kwa sababu hoja hii ndiyo itakayotusaidia mbele ya wataalamu. Kwenye njia moja, treni mbili zinazokutana zinahitaji mahali pa kupishana. Mahali hapo panahitaji ardhi tambarare, njia iliyonyooka, taa za ishara, mara nyingi na nyumba ya mitambo. Yaani nusu ya kituo tayari imeshajengwa kwa ajili ya treni zenyewe. Ukiongeza jukwaa, paa, choo, ofisi ya tiketi na barabara ya kuingilia, unapata kituo cha abiria. Kwa hiyo tusiombe kituo mahali popote tunapopapenda. Tuombe kwamba njia ya kupishania iliyo karibu zaidi na Ujiji ichaguliwe ikiwa na abiria akilini, isogezwe inapowezekana, na ijengwe na jukwaa tangu mwanzo. Hilo ni ombi ambalo mhandisi anaweza kulifanyia hesabu. Ombi la kusema "tupeni stesheni" hawezi kulifanyia chochote isipokuwa kutabasamu.

Watatuambia pia kwamba kila kusimama kunapoteza muda. Ni kweli, na mimi sitalikana, nimeishi ndani ya jambo hilo. Treni nzito haisimami kama pikipiki. Inaanza kupunguza mwendo mbali, inasimama, watu wanashuka na kupanda, halafu inachukua muda tena kushika kasi yake, na hizi mpya za umeme zinakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo hasara ya kusimama katikati ya pori ni kubwa. Lakini sisi hatuko katikati ya pori. Tuko karibu na mwisho wa njia. Treni inayokaribia kituo chake cha mwisho inapunguza mwendo yenyewe, haingii bandarini kwa kasi ya 160. Kusimama hapa kunaiba muda mdogo kuliko kusimama karibu popote pengine kati ya hapa na Tabora.

Kuna jambo halisemwi sana, nalo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kituo chenyewe. Uzio. Reli hii ya zamani tumeizoea: mtoto anaivuka akienda shule, mama anaivuka na jembe, mbuzi wanakula majani kati ya mataruma, jioni vijana wanakaa juu yake wanapiga soga. Reli ya kisasa si hivyo. Juu yake kuna nyaya za umeme za volti 25,000, na pande zote mbili inawekwa uzio. Unavuka mahali palipotengenezwa pa kuvuka, chini au juu, na kama hapajatengenezwa, huvuki. Sasa chukueni mtu wa huku mwenye kajaruba ka mpunga kule bonde la Mto Luiche. Kila siku ya Mungu anakwenda na kurudi, msimu wa kupandikiza anakwenda na watoto. Ikitokea tuta la reli likapita kati ya nyumba yake na jaruba lake, na kivuko kikawekwa mbali, mtu huyo ameongezewa safari maisha yake yote na hakuna fidia inayoitwa fidia ya kuzunguka. Kwa hiyo ombi letu la kituo lisiende peke yake. Liende pamoja na ramani ya njia zetu za miguu. Zichoreni. Njia ya shamba, njia ya shule, njia ya makaburini, njia wanayopitia wavuvi na baiskeli za samaki. Mkandarasi akija na gari lake ataziona barabara tu. Vichochoro haviko kwenye ramani yake.

Na vivuko na jukwaa vinafanana kwa jambo moja: vikiwekwa kwenye mchoro ni karatasi na wino, vikikumbukwa baada ya tuta kushindiliwa ni kuvunja na kujenga upya, na hapo utaambiwa bajeti imefungwa. Ndiyo maana nasema sasa. Miaka mitano ijayo tutakuwa na mkutano kama huu, na kivuli kama hiki, na pengine mimi sipo, na mtakuwa mnalalamika badala ya kuomba.

Niguse ardhi, maana naona nyuso zimebadilika. Kituo kinataka mahali, na mahali pana wenyewe. Sitawadanganya kwamba hakuna atakayeguswa. Lakini sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za fidia za 2001 zinasema mtu halipwi thamani ya ardhi na alichokiendeleza peke yake. Kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya usafiri, kuna posho ya makazi, na mwenye biashara kuna hasara ya faida aliyoipoteza. Mchikichi una bei yake, mwembe una bei yake, muhogo shambani una bei yake. Shida ya Ujiji mimi naijua ni nyingine: nyumba za urithi. Nyumba ya babu, babu amefariki zamani, wajukuu wametawanyika, mmoja yuko Uvira, mwingine Mwanza, na karatasi iliyopo, kama ipo, ina jina la marehemu. Mthamini akija anauliza, nani mwenye nyumba? Wanajitokeza saba. Malipo yanakwama, ndugu wanagombana, na mwisho tunasema serikali imetudhulumu. Wenye nyumba za namna hiyo, iwe reli itapita kwenu au haitapita, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkaombe msimamizi wa mirathi ateuliwe. Fanyeni hivyo mwezi huu. Hata reli isipokuja, nyumba itakuwa imepata mwenyewe.

Na wale wanaojiandaa kusimamisha vibanda usiku usiku ili wahesabiwe fidia, nawaona, tena wengine mko hapa mbele. Kibanda hicho hakitakupa utajiri. Kitawachelewesha majirani zako.

Vijana wa bodaboda na bajaji, nimeambiwa mna wasiwasi kwamba kituo kikija huku, ile safari ya usiku ya kwenda stesheni Kigoma imekufa. Safari hiyo moja itapungua, ndiyo. Lakini treni ikishusha watu mia mbili Ujiji, watu hao hawaendi nyumbani kwa kuruka. Ombeni nafasi ya kijiwe kwenye mchoro wa kituo, mapema, muandikwe. Angalieni stesheni yoyote: waliochelewa kuomba wanaegesha barabarani na wanagombana na askari kila siku.

Sasa mahali penyewe. Sitaonyesha kidole kwenye kiwanja cha mtu. Kazi hiyo ina wataalamu na ina vipimo. Lakini tunaweza kusema tunataka nini. Pawe mahali ambapo mama mwenye kiroba anaweza kufika kwa mkokoteni kutoka barabara ya lami ya Ujiji bila kupanda kilima. Pasiwe bondeni panapojaa maji, Luiche ikifurika, na pasiwe ufukweni, maana miaka hii ya karibuni tumeliona ziwa lilivyopanda na kumeza mialo na nyumba za watu. Pawe na taa. Pawe na chumba chenye kufuli cha kuwekea mizigo kwa risiti, ili mtu aache viroba vyake saa kumi jioni, arudi kwake, ale, aswali, aje saa ya treni. Mimi nikipewa kuchagua kati ya jengo zuri lenye vioo na chumba hicho cha mizigo, nachukua chumba. Na jukwaa liwe la urefu wa kutosha mabehewa yote, nisije nikaona tena mzee anarukia kokoto kwa sababu behewa lake limeishia nje ya jukwaa.

Tunalipeleka wapi ombi hili? Kuna njia mbili na tuzitumie zote. Ya kwanza ni ya kawaida: serikali ya mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu Baraza la Madiwani la Manispaa ya Kigoma Ujiji, na azimio la baraza liende Shirika la Reli na wizarani, nakala kwa mbunge na kwa mkuu wa mkoa. Mheshimiwa diwani, tunakutegemea kwenye hatua hiyo, na ninalisema mbele ya watu makusudi. Ya pili wengi hawaijui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa kama huu ufanyiwe tathmini ya athari, na katika tathmini hiyo wananchi wanaoguswa wanasikilizwa. Wakija wale watu wa tathmini na fomu zao, wengi wetu tunasema "tunashukuru kwa mradi" na kutia saini ya mahudhurio. Shukuruni, ni adabu. Lakini kabla ya kutia saini, semeni njia za miguu, semeni kivuko, semeni jukwaa, na hakikisheni yameandikwa kama mlivyoyasema.

Kitu tunachokosa ni hesabu. Tunasema watu wa Ujiji wanasafiri sana, lakini tukiulizwa wangapi tunatazamana. Ninapendekeza vijana wachache, wa kike na wa kiume, wenye daftari na kalamu, wakae stesheni Kigoma kila treni inapofika na kila inapoondoka, waombe ruhusa kwa msimamizi wa stesheni kwanza, wamuulize kila abiria mambo manne: unatoka au unakwenda mtaa gani, umebeba nini, umefikaje hapa, umelipa shilingi ngapi kufika hapa. Wafanye hivyo msimu wa kufungua shule na wafanye tena msimu usio na shule, isije ikasemwa tumechagua siku nzuri. Majina ya watu hayana haja. Wakitoka mama wa dagaa wengi, vizuri. Wakitoka wachache kuliko tunavyodhani, tutajua mapema, na tutaomba kitu kinacholingana na idadi yetu. Mimi nitawafundisha vijana hao namna ya kupanga safu za daftari, hiyo kazi niliifanya mpaka mkono ukaota sugu.

Mtendaji wa kata amekubali daftari la kwanza lifunguliwe ofisini kwake kuanzia Jumatatu. Anayejitolea kuhesabu aandike jina na namba ya simu. Anayejua njia ya miguu inayokatiza kuelekea Luiche aje achore, hata kwa kijiti kwenye mchanga, tutainakili. Akina mama wa mwaloni wamesema watachangia madaftari, na fundi mmoja wa mbao amejitolea meza.

Naona bibi yangu pale amenyoosha mkono tangu nilipotaja mirathi. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kiende kwake kwanza.